Shahada ya Biashara (BBA) Tanzania: mwongozo kamili, kutoka matokeo ya kidato cha nne hadi cheti mkononi

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu hujaa picha. Binamu, watoto wa majirani, mdogo wake rafiki yangu. "Kaka, nina HGL, nimepata D, D na E. Naweza kusoma biashara?" (HGL ni mchepuo wa historia, jiografia na Kiingereza.) Nami huwa sijibu swali hilo kwanza. Nauliza: "Kidato cha nne hisabati ulipata nini?" Kimya. Hapo ndipo mazungumzo yetu yanapoanzia, na ndipo mwongozo huu unapoanzia.

BBA ina sifa mtaani ya kuwa kozi ya wanaopenda kuongea na kuvaa suti. Sifa hiyo ndiyo inayowafanya watu wengi wasapu, yaani warudie mitihani, mwaka wa kwanza. Ukiipekua ratiba ya masomo utakuta karibu nusu yake ni namba: uhasibu, hisabati za biashara, takwimu, uchumi, fedha, kodi. Kwa hiyo kila hatua hapa chini nimeiandika nikimfikiria mtu anayeogopa namba, kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wao.

Hatua ya kwanza: vyeti vyako vinasema nini

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka. Kuna wa wenye kidato cha sita na kuna wa wenye stashahada. Pakua wa mwaka huu, si wa mwaka jana uliotumiwa kwenye grupu la WhatsApp, kwa sababu sifa za kozi moja moja hubadilika.

Kwa waliomaliza kidato cha sita, kiwango cha chini cha nchi nzima ni prinsipo mbili, yaani ufaulu wa A hadi E, zenye jumla ya pointi 4.0, zikihesabiwa kutoka masomo mawili. Kipimo ni A=5, B=4, C=3, D=2, E=1. Kwa hiyo D mbili zinatosha, na C pamoja na E nazo zinatosha. Lakini A moja na S mbili hazitoshi, maana S si prinsipo, ni sabsidiari. Waliofanya mtihani mwaka 2014 na 2015 walipimwa kwa kipimo kingine chenye B+, ambapo C ilikuwa pointi 2 na D pointi 1. Kama wewe ni wa miaka hiyo, usijihesabie kwa kipimo cha sasa ukafurahi bure.

Hicho ni kiwango cha nchi. Juu yake kila chuo huweka masharti ya kozi, na huku ndiko watu wanakoanguka. Kwa BBA na ndugu zake, chuo hutaja masomo ambayo prinsipo zako zitoke humo: vingine vinataka uchumi, uhasibu, biashara, jiografia au hisabati ya juu, vingine vina orodha ndefu inayowapokea hata wa HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza). Halafu hufuata sentensi moja ambayo wengi huiruka: kama huna prinsipo ya hisabati ya juu, uwe na angalau S ya BAM (hisabati tumizi za msingi) kidato cha sita, au D ya hisabati kidato cha nne. Vyuo vingine hupandisha hiyo D ikawa C.

Hiyo ndiyo sababu ya swali langu. Mwenye HGL ya D, D na E ana pointi zake 4.0 kutoka D mbili. Akiwa na D ya hisabati ya kidato cha nne, milango kadhaa iko wazi. Akiwa na F, na HGL haina BAM, basi nyingi zimefungwa. Dawa yake ipo: jisajili NECTA, Baraza la Mitihani, kama mtahiniwa wa kujitegemea, ulirudie somo hilo moja. Ni mwaka mmoja. Nimeona watu wakikwepa mwaka huo mmoja kisha wakapoteza mitatu kwenye kozi wasiyoitaka.

Mwenye stashahada, yaani NTA ngazi ya 6, anahitaji GPA (wastani wa alama za chuo) ya angalau 3.0 na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne kidato cha nne, D na kuendelea. Masomo ya dini mara nyingi hayaingii kwenye hesabu hiyo. Aliyesoma stashahada ya biashara au uhasibu huja na faida kubwa ambayo mwenyewe huwa haioni: leja, daftari la hesabu, ameshaigusa.

Na kama pointi zimepungua kidogo, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kozi ya msingi. Huingia mwenye kidato cha sita chenye angalau pointi 1.5 kutoka masomo mawili, au mwenye stashahada ya GPA isiyopungua 2.0. Akimaliza na GPA ya 3.0, pamoja na C katika masomo matatu ya fani yake, anaruhusiwa kuomba shahada. Si njia ya mkato, ila ni njia halali.

(Msomaji wa Kenya, kwenu mambo ni tofauti: wastani wa C+ kwenye KCSE, maombi kupitia KUCCPS, na shahada huchukua miaka minne. Ukitaka kuja kusoma huku, anza na ulinganishaji wa cheti chako NECTA kabla ya kulipia maombi popote.)

Hatua ya pili: chagua kozi, usichague jina

Zipo BBA, zipo B.Com (Bachelor of Commerce), zipo shahada za uhasibu, za masoko, za ununuzi na ugavi, za rasilimali watu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajulikana zaidi kwa B.Com zenye mikondo. Mzumbe kule Morogoro, SAUT Mwanza na Chuo Kikuu Huria wana BBA. CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara), kilichoanzishwa 1965, na IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha), cha 1972, si vyuo vikuu kwa maana ya sheria, viko chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, lakini shahada yao ya NTA ngazi ya 8 ni shahada kamili. Asikutishe mtu.

Jiulize hivi: unataka kukaa kwenye kiti gani? Anayetaka CPA, cheti cha uhasibu cha bodi ya wahasibu NBAA, asome uhasibu moja kwa moja, maana mwenye BBA ya jumla hupata misamaha michache ya mitihani. Anayetaka ofisi ya manunuzi aangalie kwanza PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, wanatambua nini. BBA ni ya mtu ambaye hajafunga ndoa na fani moja: anataka kuendesha duka la familia, kuingia benki, au kushika kitengo chochote baadaye. Faida yake ni upana, na hasara yake ni upana huohuo. Kwa hiyo ukichukua BBA, chukua yenye mkondo mwaka wa tatu, na uchague mkondo wenye namba kama unaweza kuumudu. Huo ni mtazamo wangu, wengine watabisha.

Kabla ya kuomba, tafuta muundo wa kozi, yaani orodha ya masomo yote ya mihula sita pamoja na krediti zake. Uko kwenye tovuti ya chuo au kwenye kitabu cha taratibu zake. Mtu anayenunua pikipiki huisikiliza injini kwanza, nawe soma hiyo orodha kabla hujalipa hata shilingi.

Hatua ya tatu: kuomba

Tangu 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni, hakuna tena mfumo mmoja wa pamoja uliokuwa ukiendeshwa na TCU. Kila chuo kina mfumo wake wa mtandaoni na ada yake ya maombi. Andaa haya kabla dirisha halijafunguliwa:

- Namba ya mtihani ya kidato cha nne na cha sita, ikiwa na mwaka. Ukirudia mtihani, ingiza namba zote mbili.
- Kwa wa stashahada, namba ya uhakiki kutoka NACTVET, ile AVN. Bila hiyo maombi hayaendi.
- Cheti cha kuzaliwa, na uhakiki wake RITA kama utaomba mkopo.
- Namba ya NIDA, na simu ambayo ni yako kweli, si ya mjomba.

Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye vyeti. Ukiwa "Mwajuma Juma" kidato cha nne na "Mwajuma J. Hamisi" kidato cha sita, shughulikia hati ya jina mapema, kwa sababu usumbufu huo ukikuvizia utakukuta siku ya usajili au siku ya ajira.

Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, utatumiwa namba ya siri kwenye simu, nawe uthibitishe chuo kimoja kabla ya tarehe ya mwisho. Usipothibitisha, nafasi zote zinaweza kukuponyoka. Nina binamu aliyebadilisha laini wiki ileile. Alisoma mwaka uliofuata.

Maombi ya mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ni safari nyingine, ina dirisha lake na fomu zake za kusainiwa na serikali ya mtaa na mwanasheria. Usingoje kuchaguliwa ndipo uanze. Ada ya shahada za biashara vyuo vya umma huzunguka milioni moja hadi moja na nusu kwa mwaka, na juu yake kuna michango midogo midogo kama 20,000 ya ubora inayokwenda TCU, pamoja na bima ya afya. Bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, kwa wanaolipata, huja kwa kuchelewa. Nenda na fedha ya kula ya mwezi mmoja na nusu.

Hatua ya nne: elewa krediti na GPA kabla ya somo la kwanza

Shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka, 60 kwa muhula. Krediti moja ni saa kumi za kazi, ukijumlisha kipindi, semina, kusoma peke yako na mtihani. Somo la krediti 12 basi linakudai saa 120. Kwa muhula wa wiki 15 hivi, ni saa nane kwa wiki kwa somo moja, na darasani unakaa tatu au nne tu. Hizo nyingine ni deni, na deni hilo hulipwa usiku wa kuamkia mtihani na wale wasiolijua.

Alama kwa vyuo vikuu vingi ni hivi: 70 na kuendelea ni A, 60 hadi 69 ni B+, 50 hadi 59 ni B, 40 hadi 49 ni C. Pointi zake 5, 4, 3 na 2. Chini ya 40 unasapu, na ukifaulu sapu unapewa C hata kama ulipata 85.

Tuhesabu muhula mmoja wa mfano. Uhasibu krediti 12, umepata B: 12 mara 3 ni 36. Uchumi 12, B+: 48. Hisabati 12, C: 24. Menejimenti 12, A: 60. Stadi za mawasiliano krediti 6, B+: 24. DS (masomo ya maendeleo) krediti 6, B: 18. Jumla pointi 210, gawanya kwa krediti 60, unapata 3.5. Umeingia daraja la pili la juu.

Sasa ile stadi za mawasiliano, somo ambalo kila mtu hulidharau, ingekuwa B badala ya B+. Jumla ingekuwa 204, na GPA 3.4. Umeshuka daraja zima kwa somo dogo la krediti 6. Tena GPA hukatwa kwenye desimali moja, haikadiriwi kwenda juu: 3.49 hubaki 3.4. Madaraja yenyewe: la kwanza 4.4 hadi 5.0, la pili la juu 3.5 hadi 4.3, la pili la chini 2.7 hadi 3.4, ufaulu 2.0 hadi 2.6. Na GPA ya mwisho hujumlisha miaka yote mitatu. Mwaka wa kwanza una uzito sawa na wa tatu. Wanaosema "nitakaza mwaka wa mwisho" hawajawahi kupiga hesabu hii. Kumbuka pia kwamba 2.7 ndiyo mlango wa kawaida wa shahada ya uzamili, na anayeota kuwa mhadhiri anahitaji 3.8 kwa shahada ya kwanza.

Mwaka wa kwanza: hapa ndipo kozi inapokuchuja

Utakutana na uhasibu wa fedha, uchumi wa ngazi ya chini na wa taifa, hisabati za biashara, kanuni za menejimenti, sheria ya biashara, kompyuta, stadi za mawasiliano, DS, na masoko ya utangulizi. Mpangilio hutofautiana chuo na chuo, lakini mzigo ni uleule.

Uhasibu ndio unaotenganisha watu. (Krediti za leja hazina undugu na krediti za GPA, msichanganye.) Kosa la wanaotoka HGL na HKL ni kukariri: "Mali ikiongezeka, debiti." Baada ya wiki sita sheria zimekuwa thelathini na kichwa kimejaa. Anza na mlinganyo mmoja tu: mali ni sawa na madeni ukijumlisha mtaji. Kisha chukua duka unalolijua, la Mangi wa mtaani kwenu. Ameweka 500,000 zake: fedha imeongezeka, mtaji umeongezeka. Amenunua unga wa 200,000 kwa mkopo: bidhaa zimeongezeka, deni limeongezeka. Ameuza, amelipa umeme, amechukua soda ya mwanawe. Andika miamala ishirini ya namna hiyo kila wiki, ufunge urari (jedwali la kuhakikisha debiti na krediti zinalingana), kisha mizania (taarifa ya mali, madeni na mtaji). Urari ukigoma, usiangalie majibu. Tafuta kosa mwenyewe mpaka ulipate, hata kama ni saa mbili, kwa sababu kwenye mtihani hakuna wa kukuonyesha lilipo.

Hisabati za biashara si ngumu kama ile ya PCM (fizikia, kemia na hisabati). Ni asilimia, milinganyo, matrisi kidogo, kalkulasi kidogo, na hesabu ya riba. Chukua kausha damu: umekopa 100,000, mwezi ukiisha urudishe 130,000. Hiyo ni asilimia 30 kwa mwezi. Ukikosa kulipa na riba ikazaa riba, baada ya miezi 12 deni ni 100,000 mara 1.3 kwa kipeo cha 12, ambayo ni karibu 2,330,000. Ukiielewa hiyo, umeelewa sura nzima ya thamani ya fedha kwa wakati, na utaikuta tena mwaka wa pili ikiwa imevaa koti la somo la fedha.

Sheria ya biashara ni ya kusoma, hasa mikataba, uuzaji wa bidhaa na Sheria ya Makampuni ya 2002. Jibu zuri hutaja kanuni, huitumia kwenye kisa, kisha hutoa uamuzi. Wanaosimulia kisa upya wanapata nne kati ya kumi.

Na kuna jambo la lugha, ambalo aibu hutuzuia kulisema. Masomo yote ni kwa Kiingereza, na wengi tunafika hapo tukiwa tunakisoma bila kukimiliki. Njia iliyonisaidia: nikitoka kipindini nilimweleza mwenzangu mada nzima kwa Kiswahili. Nilipokwama kwenye Kiswahili, nilijua sijaelewa jambo lenyewe. Nilipoweza kwa Kiswahili, nilibaki na kazi ya maneno tu. Madesa hayakupi hilo, hata ukiyakariri yote.

Mwaka wa pili

Huu ndio mwaka wenye utamu. Uhasibu wa gharama unakufundisha kujua biashara inaanza kupata faida wapi. Kibanda cha chipsi kinalipa kodi ya 150,000 kwa mwezi. Sahani inauzwa 2,500, na viazi, mafuta na mkaa vinakula 1,500. Kila sahani inabakiza 1,000 ya kulipia kodi, kwa hiyo sahani 150 za kwanza za mwezi zinamfanyia kazi mwenye nyumba. Ya 151 ndiyo ya kwako. Ongeza mshahara wa msaidizi 120,000 na lengo linahamia 270. Muulize muuza chipsi yeyote kama amewahi kuihesabu hiyo.

Kuna menejimenti ya fedha, ambamo unapima mradi kwa kuirudisha thamani ya fedha za kesho hadi leo. Kuna takwimu, tabia za watu kazini, menejimenti ya masoko, uzalishaji na huduma. Hili la mwisho wengi hulipita bila kuligusa, wakati mfano wake unaupanda kila siku: kituo cha mwendokasi saa moja asubuhi. Foleni inatokana na nini, mabasi machache au mpangilio mbaya? Mwalimu mmoja alitupeleka Kimara na saa ya mkononi tuhesabu. Tulijifunza zaidi kwa asubuhi moja kuliko kwa slaidi sitini.

Rasilimali watu ni somo la kuchanganya nadharia na sheria. Ijue Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: saa 45 kwa wiki, likizo ya mwaka siku 28, uzazi siku 84, na CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) kama mahali pa kupeleka mgogoro. Somo la kodi nalo lina mambo yanayobadilika kila Bunge la bajeti likimalizika, kwa mfano kizingiti cha kujisajili VAT kilichopandishwa kutoka mauzo ya milioni 100 hadi milioni 200 mwaka 2023. Vitini vya kaka yako wa 2021 vitakudanganya kwa nia njema.

Kozi work kwa kawaida ni asilimia 40, na UE, mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula, 60, ingawa kwa Chuo Kikuu Huria mtihani wa mwisho una uzito wa 70. Hizo 40 ni majaribio, kazi binafsi na kazi za kundi. Kuhusu kundi: watu kumi, wanaofanya ni watatu, wanaoandika majina ni kumi. Usigombane, wala usibebe. Gawa kazi kwa maandishi siku ya kwanza, na wewe chukua sehemu ya hesabu, kwa sababu mtihani utakuuliza hiyo. Mahudhurio chini ya asilimia 75 yanaweza kukufungia mlango wa UE, na siku hizo hakuna mjomba wa kupigia simu.

Fildi

Mwisho wa mwaka wa kwanza, wa pili, au yote miwili, kulingana na chuo, utaenda mafunzo kwa vitendo, wiki nane hivi. Omba nafasi miezi minne kabla. Barua ya chuo, nakala ya kitambulisho, peleka mkononi, kisha rudi kuuliza. Usitamani majengo marefu tu. Kwenye ofisi kubwa unaweza kukaa wiki nane ukipiga chapa na kuagiza chai. Mwenzangu alikwenda kwa mfanyabiashara wa jumla Kariakoo, akapewa kaunta, stoo na daftari la wadaiwa. Ripoti yake ilikuwa nene, na mwisho akaitwa kazini wakati wa likizo.

Jaza kitabu cha kumbukumbu kila jioni, siyo Jumapili ya mwisho. Msimamizi anayekuja kukukagua anatambua wino wa siku moja.

Mwaka wa tatu na utafiti

Masomo yanapungua idadi na kuongezeka uzito: menejimenti ya kimkakati, biashara ya kimataifa, miradi, ujasiriamali, maadili, na masomo ya mkondo wako. Mkakati husomwa vizuri kwa kampuni unazoziishi. Angalia kundi la Bakhresa: kwa nini msaga unga akaingia kwenye mkate, aiskrimu, boti za Zanzibar, televisheni na klabu ya mpira? Yapi yanashikana, yapi hayashikani? Mtihani utakuuliza hilo kwa jina la kampuni nyingine.

Utafiti ndio unaowachelewesha watu kuhitimu. Mada nyingi huanza na "sababu zinazoathiri" na kuishia na mkoa mzima. Punguza. Chagua mahali unapoweza kufika kwa daladala moja, watu watakaokubali kukujibu, na swali moja lenye jibu linaloweza kukushangaza. "Je, wauza mitumba wa Karume wanaoandika mauzo yao kila siku wanapata mkopo kwa urahisi kuliko wasioandika?" Hilo linafanyika.

Kuhusu idadi ya watu wa kuwahoji, karibu kila ripoti utakayoiona inatumia fomula ya Yamane: N (idadi ya watu wote) gawanya kwa jumla ya 1 na N mara kosa kwa kipeo cha pili. Ukiwa na wafanyabiashara 400 na kosa la 0.05, unapata 400 gawanya kwa 2, yaani 200. Itumie, lakini uweze kueleza kwa nini, kwa sababu msimamizi mkali atakuuliza hiyo 0.05 umeitoa wapi, na "kwenye ripoti ya mwaka jana" si jibu.

Andika sura ya tatu, ya mbinu, kabla ya kusambaza dodoso. Wengi hukusanya kwanza, kisha hugundua kuwa maswali yao hayapimi kitu walichokiandika sura ya kwanza. Kunakili kazi ya mtu sasa hukaguliwa kwa programu, na hilo linaweza kukutoa chuoni ukiwa umebakiza wiki mbili.

Baada ya UE ya mwisho

Fanya kliaransi mapema: maktaba, bweni, uhasibu, idara. Kitabu kimoja usichokirudisha tangu mwaka wa kwanza kinatosha kuzuia transkripti yako. Kisha fuatilia cheti chenyewe, usiridhike na karatasi ya matokeo ya muda. Matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira husema wazi kwamba hati za matokeo ya muda hazipokelewi, wala zile za matokeo ya kidato cha nne na cha sita. Kila mwaka kuna wahitimu wenye GPA nzuri wanaokosa usaili kwa kuwa cheti bado kiko kwenye kabati la msajili. Nenda kakichukue, kitoe nakala zilizothibitishwa, kihifadhi kwenye barua pepe yako, halafu ndipo uanze kutuma maombi.